Mdogo wangu anataka kujifunza ufundi saa na usonara, kwa hapa Kigoma tunaanzia wapi?

DadaMkubwa_Katubuka

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za saa hizi. Naomba mawazo yenu maana nyumbani tumevutana na sijui nimsikilize nani. Mdogo wangu wa kike kamaliza form four mwaka jana, matokeo sio mabaya ila ya kwenda form five hayakufika. Huyu mtoto tangu yuko shule ya msingi anafungua saa, za ukutani, za mkononi, mpaka majirani wanamletea, zingine zinapona, zingine anakaa nazo wiki nzima hataki kuzirudisha mpaka ajue imekufa nini. Juzi kachukua cheni ya mama iliyokatika akaiunga kwa koleo, huoni hata palipokatikia. Anasema anataka ufundi saa na usonara, kingine hataki kusikia.

Mjomba anasema hiyo kazi ilishazikwa, simu imeua saa, aende VETA, chuo cha ufundi stadi, hapa hapa akasome umeme au ushonaji atulie. Kuna mzee mmoja sonara Ujiji tumeongea nae, yuko tayari kumfundisha ila anataka laki nne na karatasi yoyote hatoi, anasema cheti ni mikono. Mi nauliza, kuna chuo kinafundisha hii kitu kweli au ni ya kwa mafundi tu? Laki nne ni halali? Na binti wa miaka 19 kukaa kwenye karakana ya wanaume watupu imekaaje? Hela yangu ni ya kuunga unga, nikiitoa ikapotea sina nyingine.

FundiSaa_Tabora

Marahaba binti. Mimi ni fundi saa hapa Tabora mjini, kazi nimeikuta kwa baba yangu na nimekula nayo mpaka leo kwa hiyo nakwambia ninachokijua.

Mjomba wenu ana hoja lakini kaiishia njiani. Ni kweli watu hawavai saa siku hizi ili wajue saa ngapi, simu iko mfukoni. Lakini saa imehamia kwenye urembo na heshima, angalia kijana anayeoa, angalia walimu, wazee wa msikitini, watoto wa vyuo, wote mkononi kuna kitu, na kwa vile bei zimeshuka zinaingia nyingi. Kila saa ya betri lazima irudi kwa fundi, nyingi zikikaa miaka miwili mitatu betri imekwisha. Kwangu mimi betri, mikanda, zile pini za kushikia mkanda na vioo ndo ugali wa kila siku. Saa za kamani, zile za kujaza zisizo na betri, zinakuja mara moja moja ila ndo zinalipa, mana wanaoziweza tumebaki wa kuhesabu.

Tatizo liko kwenye namna watu wanavyofundishwa. Unampelekea mtu saa imesimama, anabadilisha betri, isipotembea anakwambia mashine imekufa nunua nyingine. Huyo muite muuza betri. Mdogo wako afundishwe kutafuta ugonjwa. Saa ya betri ndani ina kipande kidogo sana cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, saketi inayakata hayo mapigo nusu, na nusu tena, mara 15 mpaka linabaki pigo moja kwa sekunde, hilo pigo linakwenda kwenye koili, yaani waya uliozungushwa, koili inasukuma kisumaku, kisumaku kinazungusha meno na mshale unatembea. Akishaishika hiyo njia kichwani hapapasi tena. Anapima betri kwanza, ile ndogo ya 626 ikiwa mpya inasoma volti 1.55 kwenye multimita, kile kipimo cha umeme. Betri nzima na saa haiendi, apime koili, ikisoma ohm elfu na kitu waya ni mzima, isiposoma kitu umekatika, na huo waya ni mwembamba kuliko unywele, bisibisi ikiteleza kidogo tu umeshaua saa ya mtu. Koili nzima na bado haiendi, hapo ni uchafu, au mafuta yameganda, au mshale unagusa kioo, na hapo ndo lenzi inaingia jichoni na kazi inaanza.

Kuna saa mteja analeta analalamika mshale wa sekunde unaruka mbili mbili au nne nne kwa mkupuo. Kwa saa nyingi zilizotengenezwa hivyo huo sio ubovu, saa inasema betri iko ukingoni. Ibadilishwe mapema, betri iliyokufa ikiachwa ndani inavuja inakula saketi, na saketi ikiliwa ndo basi.

Na nyie mko ziwani, msisitizie raba ya mfuniko. Mafundi wengi wanafungua, wanaweka betri, wanafunga, raba imekauka au imejikunja hawana habari, mteja anakwenda ziwani Kibirizi kuoga siku hiyo hiyo saa inajaa mvuke. Amwambie mteja ukweli pia, saa iliyoandikwa mita 30 sio ya kuzama nayo mita 30, hiyo inavumilia maji ya kunawa tu, ya kuogelea iandikwe angalau mita 100.

Chuo umeuliza. Ufundi saa huku kwetu unafundishwa mezani kwa fundi. Uswisi penyewe kwenye saa zao, kijana anayesomea ufundi saa kamili anakaa miaka minne na sehemu kubwa ni mezani vile vile. Kwa hiyo mtu akikwambia miezi mitatu anatoka fundi kamili, hela yako kaa nayo.

Sonara_Mwanga

Mkuu wa Tabora umeongea vizuri na heshima yako iko pale pale, ila hapa natofautiana na wewe. Kama hela ni ya kuunga unga basi nguvu iende kwenye usonara, saa atajifunza baadae. Betri moja unapata nini, elfu mbili tatu. Mimi niko Kigoma hii hii, huku harusi haziishi, pete, hereni, vikuku, vipini, mikufu ya kuunga, na boti zinaleta watu wa Kalemie na Bujumbura ambao wanapenda dhahabu na wanajua kuikagua kuliko sisi.

Dada ukienda kwa huyo mzee muulize swali moja tu, mwanafunzi anaanza na nini. Akisema anaanza kufagia na kupiga mvukuto mwaka mzima, ondoka. Akisema anaanza na shaba, kaa msikilize. Mwanafunzi anapewa bati la shaba na msumeno wa uzi, anachorewa mstari, akate usipinde. Uzi utakatika, utakatika tena, mpaka mkono uache kulazimisha. Halafu kusugua kwa tupa, halafu msasa, halafu kuvuta waya kwenye chuma chenye matundu, kuanzia tundu kubwa mpaka ndogo huku anauchoma ulainike kila ukianza kuwa mgumu, asipouchoma unapasuka. Baada ya shaba inakuja fedha. Dhahabu ya mteja haigusi mpaka mwalimu wake aweze kuvaa pete ya fedha aliyoitengeneza mwanafunzi bila kuona aibu.

Kuunga ndo kunawatoa watu machozi. Lehemu, yaani ule mchanganyiko wa kuungia unaoyeyushwa, inafuata joto, haifuati mkono wako. Ukielekeza tochi kwenye lehemu yenyewe inajikunja inakaa pale pale. Inatakiwa pete yote ipate moto sawa sawa, mdomo wa kuunga uwe umebanana mwanga usipite, umepakwa buraksi, ile dawa ya kusaidia kuunga, hapo lehemu inakimbia yenyewe inajaza ufa. Fedha safi inayeyuka nyuzi 961, dhahabu safi 1064, lehemu lazima iwahi kuyeyuka kabla ya pete, na nafasi katikati ni ndogo, ukizubaa pete imelala mezani. Kisha inatiwa kwenye maji ya shabu ya moto weusi utoke. Haya mambo mtu hayapati kwenye video, lazima asimame pembeni ya fundi aone rangi ya chuma inavyobadilika, na karakana isiwe na mwanga mkali mana rangi hiyo hutaiona.

Na hesabu, jamani hesabu. Mteja ana dhahabu safi gramu 10 anataka pete ya karati 18. Dhahabu safi ni karati 24, na 18 kwa 24 ni robo tatu, unagawa 10 kwa 0.75 unapata 13.33, maana yake unaongeza gramu 3.33 za shaba na fedha. Akitaka 21 unagawa kwa 0.875 inakuja 11.43, unaongeza 1.43 tu. Sonara asiyejua hii anamwibia mteja au anajiibia mwenyewe, na mteja akienda kupimiwa kwa sonara mwingine kwenye jiwe na tezabu, ile asidi ya kupimia dhahabu, jina linaharibika mji mzima. Kama binti hesabu zake za form four zilikuwa nzuri huo ni mtaji tosha.

Laki nne sio nyingi kama vifaa vya kujifunzia viko ndani, buraksi, gesi, shaba, nyuzi za msumeno, hivyo vyote mwanafunzi anavimaliza. Kama vifaa mnanunua nyie basi ni nyingi.

BintiVito_Nzega

Dada mimi nijibu lile la binti kwenye karakana mana naona wakubwa wamelipita, na ndo swali zito kuliko yote uliyouliza.

Mimi ni mwanamke, niko kwenye hii kazi, na kuna karakana nilikaa nikajifunza na kuna nilizotoka siku ya kwanza. Nenda wewe mwenyewe kwa huyo mzee, nenda bila kumwambia, tena zaidi ya mara moja. Angalia mlango unakaa wazi au umefungwa, angalia kama kuna mwanamke mwingine pale hata kama ni mke wa fundi anaeuza mbele, angalia vijana waliopo wanavyoongea mteja wa kike akiondoka. Kubaliana kabisa anarudi nyumbani saa ngapi, mana usonara una tabia ya kazi za harusi kukaa mpaka usiku. Na mdogo wako mwambie mbele yako kwamba siku yoyote akiona hakueleweki aondoke, hela sio kitu, asije akavumilia kwa sababu ya laki nne za dada.

Chuo kipo kwa upande wa usonara na vito, Kituo cha Jemolojia Tanzania kule Arusha, kiko chini ya Wizara ya Madini, wanafundisha kukata na kung'arisha vito na usonara, na wasichana pale wanapata nafasi. Kutoka Kigoma ni safari ndefu na gharama za kuishi Arusha zihesabuni mapema, ila kama mnaweza hata baadae, ni pazuri, mana kule anajifunza mawe, kitu ambacho masonara wengi wa huku wanakifanya kwa kukisia. Mfano tanzanaiti, watu wanaileta ifungwe kwenye pete ya kuvaa kila siku, jiwe lile ugumu wake ni kama 6 na nusu tu kwenye kipimo kinachoishia 10, rubi ni 9. Linachubuka, na moto wa lehemu linapasuka, kwa hiyo jiwe linatolewa kwanza ndo pete inaungwa. Likae kwenye hereni au kidani litadumu.

Mawili mengine ya kumlinda. Huku kwetu Nzega wachimbaji wadogo wanakamatisha dhahabu kwa zebaki, na mtu anaweza kuja na kidonge bado kina zebaki ndani anataka sonara akichome pale pale. Zebaki inachemka nyuzi 357, ni kidogo sana kwa tochi, ule mvuke hauonekani na unaharibu ubongo, mishipa na figo. Binti asikubali, kabisa, hata mwalimu wake akisema yeye kazoea. Na la pili, kununua dhahabu ghafi mtaani bila leseni ya Tume ya Madini ni kosa kisheria, masoko ya madini yapo tangu 2019 na yamewekwa kwa kazi hiyo. Mwanafunzi ndo anatumwaga kupokea mzigo, na akikamatwa nao ni yeye. Kurekebisha na kutengeneza cheni na pete za wateja ni kitu kingine, hapo aandike daftari, jina la mteja, uzito ulioingia, uzito uliotoka.

DadaMkubwa_Katubuka

Asanteni sana, nimemsomea mdogo wangu yote, ile ya koili kaniomba nirudie. Nimepiga simu kwa mzee nikamuuliza anaanzia nini, kasema shaba, na vifaa viko ndani ya laki nne. Kinachonisumbua bado ni hii ya kutokuwa na karatasi. Kesho na keshokutwa binti akitaka mkopo au kazi ataonyesha nini?

MwalimuUfundi_Kasulu

Mdogo wangu, hapo mimi naweza kusaidia, nafundisha ufundi stadi miaka mingi sasa.

VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu kaupata nje ya chuo. Fundi anapimwa kwa vitendo, anaonyesha kazi zake, akifikia viwango anapewa cheti chake. Umewasaidia mafundi wa magari, mafundi ujenzi, wapishi, watu ambao hawakuwahi kukaa darasani. Nendeni ofisi ya VETA Kigoma muulize fani za usonara na elektroniki zinapimwaje na lini, na mfanye hivyo kabla binti hajaanza, ili ajue tangu siku ya kwanza atapimwa kwenye nini. Kuanzia siku hiyo awe na daftari la kazi na picha za simu, kila kazi aliyofanya, ilikuja na ubovu gani, katumia njia gani, imetoka vipi. Kwa mpimaji daftari hilo lina uzito. Na kama mjomba bado anabishana, mpeni kitu cha kumtuliza, kozi fupi ya elektroniki inaingiliana na saa za betri moja kwa moja, multimita ni ile ile.

Sasa hiyo laki nne. Usiitoe yote mkononi siku moja. Andikianeni, kurasa mbili zinatosha, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Na malipo msiyafunge kwenye miezi, yafungeni kwenye ujuzi. Laki ya kwanza akianza. Ya pili siku anaweza kukata na kuunga pete ya shaba peke yake. Ya tatu siku anatoa pete na cheni ya fedha. Ya nne siku anafanya kazi ya mteja mwanzo mpaka mwisho mzee ameketi anaangalia tu. Mkifanya hivyo mzee ana sababu ya kumfundisha kila wiki. Nimeona vijana wengi sana waliolipiwa mara moja wakageuka watu wa kuchemsha chai, mwaka umeisha na tochi hawajaishika, na mzazi hana pa kudai. Inaniuma kila nikikutana nao.

Andikeni pia akiharibu mali ya mteja nani analipa, akianza kuingiza hela anapata kiasi gani, na vifaa atakavyonunua mwenyewe vinabaki vyake.

Sonara_Mwanga

Mwalimu nakubali ya awamu, ila mafundi wazee kuandikiana mbele ya mwenyekiti wanaona umewafanya wezi. Atakataa na binti atakosa nafasi. Hawa wazee wanaojua kuvuta waya kwa mkono hawako wengi Ujiji, mkimpoteza huyu kwa ajili ya karatasi mtakuja kujuta.

MwalimuUfundi_Kasulu

Ndugu yangu heshima ya mzee inalindwa kwa namna ya kumwendea. Asiende dada peke yake na kalamu. Aende mjomba, aende na mama, wakae kwenye mkeka, waongee, ndo waseme tuyaandike haya ili na sisi tusikusahau mzee kwenye malipo yako. Mkataba unamlinda na yeye, mzazi akikwama kulipa ana cha kushika. Fundi anayekataa hata hivyo, mimi mwanangu simpi.

BintiVito_Nzega

Namuunga mkono mwalimu. Na kwenye hicho kikao muda wa kurudi nyumbani uandikwe pia.

FundiSaa_Tabora

Nimewaacha masonara waongee, narudi kwenye saa zangu. Ushauri wangu dada, asichague. Usonara unachukua muda mrefu kabla haujaanza kulipa, na binti wa miaka 19 anahitaji nauli na sabuni. Kwa jinsi ulivyomueleza, kubadili betri, pini na mikanda kwa usafi anaweza kuanza mapema sana, jioni akitoka kwa mzee, hata kwenye kibaraza hapo nyumbani. Mnunulie seti ya bisibisi ndogo, kibanio cha ncha kali kisichoshika sumaku, lenzi ya jichoni, kifungulio cha mfuniko, multimita ya kawaida na kipulizio cha raba. Betri anunue zenye tarehe, za bei ya kutupa zinavuja. Akishakua akataka meza mjini, akaungane na wenzake watafute mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, vijana wametengewa nne, wanawake nne, wenye ulemavu mbili.

Na kama mnaweza kumpandisha treni akaja Tabora wiki mbili tatu, mke wangu yupo na binti zangu wapo, nitamuonyesha saa za kamani bila malipo, nahitaji mtu wa kumuachia hii kazi na wanangu wamekwenda kwenye simu.

DadaMkubwa_Katubuka

Baba yangu Mungu akubariki sana. Kusema kweli sikutegemea hilo. Mjomba nimemuonyesha mazungumzo yote, kasoma kimya halafu akauliza kikao na mzee ni lini, kwa hiyo Jumamosi tunakwenda Ujiji yeye, mama na mimi, na karatasi nimeshaandika kama mwalimu alivyoelekeza, na muda wa kurudi nimeuweka, saa kumi na moja na nusu jioni. Tabora nitakuandikia inboksi. Aje na nini?

FundiSaa_Tabora

Aje na saa mbovu za kwenu nyumbani, nyingi kadri mtakavyopata, hata zilizooza. Za majirani azirudishe kwanza kwa wenyewe. Na daftari.